Filimbi ya Mdomoni

Sura ya Tisa

Halina alimtambua kabla hajamwona uso. Alimtambua kwa jinsi alivyovua kofia pale mlangoni, kwa mkono wa kushoto, upesi, kama mtu anayetaka kuitupa chini. Katika mpira wa Kimarekani, waamuzi wa pembeni huitupa kofia uwanjani kuonyesha mahali mchezaji alipokanyaga nje ya mstari, na Everett Tolliver alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi kiasi kwamba hata akiingia kanisani au benki, mkono wake ulifanya vilevile. Zamani Halina alikuwa akimcheka kwa hilo. Jioni hii hakucheka. Kijiko cha saladi ya kabichi kiliganda hewani, siki ikichuruzika juu ya sahani ya mama aliyekuwa akisubiri kwenye dirisha la kugawia chakula.

"Halina, mwanangu, nimeomba saladi. Ziwa tunalo tayari huko nje."

"Samahani, shangazi."

Ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Katika ukumbi wa parokia ya Mtakatifu Kazimiri, mjini Erie, nusu ya mtaa ilikuwa imekusanyika kula samaki wa kukaanga na pierogi, yale maandazi ya Kipolandi yaliyojazwa viazi, kama kila Ijumaa ya mfungo. Theluji chafu ilikuwa bado imelala kando ya barabara, na kila mlango ulipofunguliwa, upepo wa ziwani uliingia ukanusa chakula kabla ya watu. Everett aliingia pamoja na upepo huo. Akasimama kwenye foleni kama mtu mwingine yeyote.

Lakini hakuwa mtu mwingine yeyote. Ukumbini mle hapakuwa na aliyeijua sura ya askofu vizuri kama walivyoijua sura yake.

Mwezi Januari, katika mechi ya kuwania kwenda fainali, timu ya mji, Wahunzi wa Erie, ilikuwa nyuma ya Tulsa kwa pointi chache na muda ulikuwa unayoyoma. Mpira walikuwa nao Tulsa. Mkimbiaji wao aliukumbatia, akaingia katikati ya rundo la wanaume, akakwama, ama alionekana amekwama. Everett, aliyekuwa mwamuzi wa pembeni, akapuliza filimbi kuusimamisha mchezo. Wakati uleule mpira ukachomoka kifuani mwa yule mkimbiaji, beki wa Wahunzi akauokota, akakimbia nao uwanja mzima mpaka eneo la bao, na jukwaa zima likasimama likilia kwa furaha. Kisha wakawaona waamuzi wakipunga mikono. Hakuna bao. Filimbi ilikuwa imelia.

Video ikarudishwa. Watu walisubiri kwenye baridi ile wakishikana mikono. Kwenye skrini kubwa kila mtu aliona kwamba yule mkimbiaji alikuwa bado anasonga, miguu yake ikichimba nyasi, na kwamba mpira ulitoka akiwa hai kabisa. Lakini kanuni ni kanuni. Marudio ya video yanaweza kulirekebisha jicho lililokosea. Hayawezi kuufufua mpira uliouawa na filimbi. Tulsa wakabaki na mpira, Wahunzi wakabaki na machozi, na siku mbili baadaye ligi ikatoa maneno machache kwamba filimbi ile ilipulizwa mapema. Samahani isiyorudisha kitu.

Huyo ndiye aliyekuwa amesimama kwenye foleni ya samaki.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa mzee mmoja kwenye meza ya karata. "Jamani, fungeni sufuria! Huyu akipuliza, samaki wote watarudi ziwani!"

Ukumbi ukalipuka. Ilikuwa kama kila mtu alikuwa ameweka neno lake mfukoni tangu Januari.

"Mpeni kiti karibu na taa, haoni vizuri!"

"Padri yuko wapi? Huyu hana haja ya kitubio, ana haja ya miwani!"

"Refa! Hebu tuambie, samaki huyu amekufa au bado anasonga?"

Everett aliitazama sahani aliyooneshwa. "Kwa huyu," alisema taratibu, "nina hakika amekufa."

Wengine walicheka bila kupenda. Halina alimwona akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, tabasamu alilolijua, la mtu anayepigwa na hataki kukunja ngumi. Alikuwa amekonda. Kola ya shati lake ilimpwaya shingoni.

Mbele ya majiko ya kukaangia, baba yake, mzee Zygmunt Pawlak, aliinua koleo la samaki. Alikuwa amestaafu kiwanda cha vichwa vya treni lakini sauti ya kiwandani hakuistaafu.

"Mwacheni ale! Nyumba ya Mungu hainyimi mtu chakula." Akageuza samaki mmoja. "Ila akidai ameongezwa kiazi kimoja, tutatazama kwanza kwenye video."

Kicheko kikatikisa madirisha. Foleni ikasogea, Everett akafika dirishani kwa Halina.

Hakumwita jina. Hata sasa, baada ya yote, alikuwa bado analinda siri yao.

"Habari za jioni."

"Nzuri," Halina alinong'ona. "Sahani moja?"

"Mbili."

Aliziweka sahani mbili. Samaki mmoja akaanguka kando, akamrudisha. Everett aliinama kana kwamba anachagua chumvi.

"Naondoka Jumapili," alisema kwa sauti ya chini. "Shule moja mbali huko Boise inatafuta mwalimu wa useremala. Ligi imeniambia nipumzike msimu mzima. Nimewaambia nitapumzika moja kwa moja."

"Boise? Mbona hukuniambia?"

"Nilipiga simu, Halina."

Simu zake Halina alikuwa ameziona zote. Aliziacha zikalia juu ya kitanda, huku yeye amejifunika mto kichwani kama msichana mdogo anayeogopa radi.

"Sikuja kugombana," Everett aliendelea. "Nitakaa meza ile ya dirisha la barabarani. Sahani hii ya pili ni yako. Ukija ukakaa na mimi, wakatuona wote, kesho asubuhi nitawapigia Boise niwaambie watafute mtu mwingine. Usipokuja, nitakula, nitashukuru, nitaondoka."

"Hapa? Leo? Mbele ya Baba?"

"Hapa." Alimtazama kwa mara ya kwanza machoni, na Halina akaona jinsi macho yale ya kijivu yalivyochoka. "Nimechoka kukupenda kwenye maegesho ya magari."

Akazichukua sahani zake akaenda.

Maegesho ya magari. Kweli, huko ndiko mapenzi yao yalikoishi. Walikutana Aprili ya mwaka uliopita, Halina alipokwenda mji jirani wa Ashtabula kupima masikio ya watoto wa shule, kazi aliyosomea. Everett, mwalimu wa useremala shuleni pale, alikuja na darasa lake, akasubiri watoto wote waishe, kisha akakaa kwenye kile kiti kidogo, magoti yakimfika kidevuni. "Nipime na mimi," alisema. "Nina filimbi masikioni Jumapili zote za msimu. Niambie kama bado nitaweza kusikia mtu akiniita." Halina alimpima. Alisikia kila kitu. Siku hiyo Halina alirudi Erie akiimba garini, yeye ambaye hata kanisani huimba kwa midomo tu.

Lakini alikuwa Pawlak. Baba yake alikuwa na viti vya kulipia msimu mzima uwanjani tangu Halina hajazaliwa, na Roman, kaka yake, alikuwa mtunza vifaa wa Wahunzi. Kofia ngumu za wachezaji zilipita mikononi mwake kila mechi. Katika nyumba ile neno "refa" lilisemwa kama watu wengine wanavyosema "panya". Na kulikuwa na jambo jingine. Mwamuzi mwenye uhusiano na ndugu wa mtu wa timu hutakiwa aiambie ligi, naye hapangwi tena kwenye mechi za timu hiyo. Everett alitaka kusema tangu Septemba.

"Nikisema, Roman ataulizwa, na baba yako atajua," alimwambia. "Basi tumwambie kwanza."

"Ngoja msimu uishe," Halina alimsihi. "Nitamweleza taratibu. Ngoja tu."

Akangoja. Angesema Septemba, Januari ile angekuwa kwenye uwanja mwingine kabisa, mbali na Erie. Hilo Halina alilitafuna kila usiku kama mtu anayetafuna mfupa usio na nyama.

"Dada."

Alishtuka. Roman alikuwa amesimama kando yake na trei ya vikombe, mabega yake yakiziba taa. "Yule mtu alikuwa anakuambia nini muda wote ule?"

"Aliomba chumvi."

"Chumvi haina hadithi ndefu hivyo." Roman alimtazama usoni. Hakuwa mtu mbaya. Wiki nzima baada ya mechi alikuwa akizifuta kofia za wachezaji huku analia, akidhani hakuna anayemwona. "Unamjua?"

Kutoka dirishani pale mpaka meza ya Everett hapakuwa mbali. Alikuwa amekaa, sahani moja mbele yake, nyingine ng'ambo mbele ya kiti kitupu, uma umewekwa vizuri upande wa kushoto kwa kuwa Halina hutumia mkono wa kushoto. Hakugeuka. Lakini Halina alijua kwamba masikio yale aliyoyapima mwenyewe yalikuwa yanasikia.

"Halina, nimekuuliza. Unamjua huyo mtu?"

"Hapana," alisema. "Simjui."

Aliona mabega ya Everett yakishuka, kidogo tu, kama mtu aliyetua mzigo au aliyeongezewa mwingine. Kisha akachukua uma akaanza kula.

Ungedhani yameisha. Lakini Roman, akiwa ameridhika na jibu la dada yake, aliiweka trei chini, akatoa simu mfukoni, akaiendea meza ile. Watu wakamfuata kwa macho, wengine na viti vyao. Mzee Zygmunt akaliweka koleo chini naye akaja, akijifuta mikono kwenye aproni.

Halina alichukua birika la kahawa. Hakujua anakwenda kummiminia nani. Miguu tu ilimpeleka.

"Bwana Tolliver," Roman alisema, "mwezi Januari walikaa watu kwenye chumba chao cha video wakaangalia, halafu wakatuambia hawana ruhusa ya kubadili uamuzi. Leo hapa hakuna kanuni. Leo utaangalia wewe mwenyewe, mbele yetu. Halafu useme."

"Roman," baba yake alimuonya, "mtu anakula."

"Na mimi nilikuwa nimeshafungasha vifaa vya fainali, Baba."

Everett aliusukuma mkate kando. "Hebu nione."

Roman aliiegemeza simu kwenye chupa ya siki. Picha ikaanza: mvuke wa pumzi za watu, rundo la miili, filimbi kali. Everett aliangalia bila kupepesa.

"Rudisha," alisema. "Taratibu. Rudisha tena. Hapo, simamisha."

Alikuwa anafanya kazi yake, Halina aliona. Uso wake ulikuwa mtulivu, hauna upande, uso aliokuwa nao alipokuwa akipima ubao.

"Mguu wa kulia unasonga," Everett alisema. "Goti halijagusa. Hajakwama. Na mpira unatoka akiwa bado anakwenda." Aliinua uso akamtazama Roman, kisha mzee Zygmunt. "Lilikuwa bao. Mlishinda. Nilipuliza mapema, kosa ni langu, na sina la kujitetea."

Roman alibaki ameduwaa. Alikuwa amekuja na ngumi na sasa hakuwa na pa kuipeleka.

Mzee Zygmunt alivuta kiti, akaketi, akaikunja miguu yake mirefu. Alikuwa amewahi kuchezesha ligi ya watoto wa parokia, jambo ambalo hakulitaja mbele ya watu. "Nina swali moja tu," alisema. "Oktoba ulichezesha mechi yetu. Nilikuona. Filimbi ulikuwa nayo kidoleni, ile ya kuvaa kama pete. Nikasema, huyu ni mtu mwenye busara. Kwa sababu ya kidoleni haipulizwi mpaka mkono upande, na mkono ukipanda, jicho nalo linapata nafasi ya kufikiri. Januari ulikuwa nayo mdomoni. Ya mdomoni hulia yenyewe, mtu akishtuka tu. Kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza Everett aliangalia chini.

"Baridi, mzee."

"Hapa Januari huwa na baridi kila mwaka."

"Ndiyo, mzee."

"Ulipoulizwa na ligi uliwaambia nini?"

"Niliwaambia sina sababu."

"Kila kitu kina sababu, kijana."

Na Halina, birika zito mkononi, aliinama juu ya bega la kaka yake kuitazama picha iliyosimama. Wote walikuwa wametazama mpira. Tangu Januari, mji mzima, mara elfu, walitazama mpira, na yeye pia alitazama mpira. Sasa, kwa kuwa hakuweza kumtazama Everett usoni, aliitazama mikono yake kwenye picha.

Ilikuwa imevaa glavu nyeusi za sufu.

Si glavu za waamuzi, zile nyembamba za kununua. Zilikuwa nene, za kufumwa, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimepinda mahali mshono ulipofungwa vibaya. Aliufunga mwenyewe, gizani, ndani ya gari kwenye maegesho ya duka moja kule Ashtabula, siku mbili kabla ya Krismasi, huku Everett akimchekesha na kumwambia haraka, haraka, mikono yangu inakufa. Sufu nene namna ile, hakuna pete ya filimbi inayoweza kupita juu yake.

Birika liliinama. Kahawa ikamwagika mezani, Roman akaruka.

"Dada! Una nini leo?"

Everett alikuwa ameinuka. Aliikunja leso yake ya karatasi, akachukua sahani yake mwenyewe akaipeleka kwenye pipa. Ile ya pili aliiacha pale ilipo.

"Samaki ni mzuri sana, mzee," alimwambia Zygmunt. "Asante kwa kunivumilia."

Mzee alimpa mkono kabla hajafikiri, na baada ya kufikiri hakuurudisha. Hakuna aliyezomea. Everett alivaa kofia, akatoka.

Halina aliliweka birika sakafuni. Alitoka kwa mlango wa jikoni, bila koti, akakimbia juu ya barafu mpaka nyuma ya kanisa magari yalikoegeshwa. Alimkuta anafungua mlango wa gari lake kuukuu.

"Everett!"

Aligeuka. Kwanza akavua koti lake akamfunika mabegani; hata katika kuachana alikuwa hawezi kumwacha mtu aone baridi.

"Ni glavu," Halina alisema, pumzi zikimkata. "Ni glavu zangu. Filimbi haikuingia kidoleni."

Hakukana. "Nilijaribu kuvaa filimbi kwanza, halafu glavu juu yake. Haikuwezekana."

"Si ungezivua!"

"Ulizifuma wewe."

"Everett, ilikuwa mechi ya maisha yako!"

"Ndiyo." Aliangalia upande wa ziwa. "Ulikuwa umekaa jukwaani na baba yako, na usingeweza hata kunipungia mkono. Nikasema, basi angalau mikono yangu itakuwa mikononi mwako. Ni upuuzi. Mtu mzima, mwalimu wa watoto. Lakini ndivyo nilivyosema."

Halina alilia. Alilia kwa ajili ya Januari, kwa ajili ya simu zilizolia juu ya kitanda. "Kwa nini hukuwaambia ligi? Wangekuelewa."

"Wangeuliza nani amezifuma."

Upepo ulipita kati yao. Kutoka ukumbini kilisikika kicheko, kisha karata zikipigwa mezani.

"Rudi ndani," Halina alisema, akimshika mkono wa shati. "Nitakaa. Nitamwambia Baba sasa hivi, nitamwambia Roman, nitampandia padri mimbarini nikitaka. Rudi, sahani yangu bado iko pale."

Everett alimtazama. Kulikuwa na mapenzi katika macho yale, mengi, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwa sababu alielewa kwamba mapenzi yanaweza kuwepo na bado yasitoshe.

"Sikukulaumu kwa ile ya Januari," alisema. "Ile niliipuliza mimi. Lakini Roman alikuuliza swali dogo sana, Halina. Ungeweza hata kunyamaza."

"Niliogopa."

"Najua. Nilikuwa nakusubiri uogope, halafu useme." Alipangusa machozi ya Halina kwa kidole gumba, yakaja mengine. "Unakumbuka siku ile karakanani, uliponiuliza inakuwaje refa akipuliza kwa makosa, mtu akiwa bado ameshika mpira wake?"

Alikumbuka. Vumbi la mbao, jua la alasiri, yeye amekaa juu ya meza ya kazi akining'iniza miguu. "Mpira unakufa palepale," alisema kwa shida. "Lakini aliyekuwa ameushika anapewa hiari. Auchukue pale ulipofia. Au mchezo urudiwe." Akamshika kwa mikono yote miwili. "Turudie, Everett. Nakuomba. Turudie."

"Nilikuwa nimeushika mimi," Everett alisema polepole. "Kwa hiyo hiari ni yangu."

"Ndiyo. Ndiyo, ni yako."

Alimbusu kipaji cha uso. Midomo yake ilikuwa baridi.

"Basi nauchukua pale ulipofia."

Halina alitaka kumrudishia koti lakini Everett alikataa, akaingia garini. Akiwa ameshika usukani alishusha kioo. "Glavu nitakaa nazo," alisema. "Boise kuna baridi pia." Kisha taa nyekundu za gari zikapungua, zikakata kona kwenye duka la mkate, zikaisha.

Halina aliingia ukumbini kwa mlango mkubwa. Watu walimwona, koti la mwanamume mabegani, viatu vimelowa, na wakaacha kula. Alipita katikati ya meza zote. Ukumbi ulikuwa mrefu, na hakuna aliyemzuia, hakuna hata aliyemgusa. Alifika mpaka kwa baba yake mbele ya majiko.

"Baba," alisema, na sauti yake, ile sauti ambayo watu walizoea kumwambia aipandishe, ilifika mpaka meza ya karata. "Nilidanganya. Yule mtu namjua. Nilimpenda tangu Aprili ya mwaka jana. Yeye alitaka kusema, mimi ndiye niliyemziba mdomo. Glavu alizovaa Januari nilizifuma mimi."

Roman alikaa chini taratibu, kama mtu aliyepunguzwa hewa.

Mzee Zygmunt aliyazima majiko. "Yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Kwa nini hukumkalisha?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa, ndiyo!" Macho ya mzee yalikuwa yamelowa, na si kwa moshi. "Ningemzomea mpaka Pasaka. Roman asingesema naye mpaka Krismasi. Kisha ningempa koleo hili nikamwambia ageuze samaki, maana mgongo wangu unauma. Babu yako alinikataa mimi miaka miwili, Halina, na kila Jumapili nilikuwa nakula mezani pake. Kukataa ni kazi ya baba. Kazi ya binti ni kung'ang'ania. Mama yako aling'ang'ania. Hakukuambia?"

Halina alikwenda kwenye meza ya dirishani akakaa mbele ya sahani yake. Samaki alikuwa amepoa, mafuta yameganda kama nta. Alikula kidogo, kwa mkono wa kushoto, kwa uma uliowekewa tayari.

Baadaye baba yake alikuja, akakaa kwenye kiti kile kingine. Roman alikuwa ameisahau simu pale, bado imeegemea chupa ya siki. Mzee aliichukua, akaiweka mbali na macho yake kama wazee wanavyofanya, akaibonyeza mpaka picha ikatembea.

"Nionyeshe," alisema. "Glavu ipi?"

Halina aliinama karibu naye. "Hiyo ya kushoto. Tazama kidole gumba. Mshono umepinda."

"Sioni. Imepita."

"Rudisha, Baba."

Akarudisha. Mikono myeusi ilipanda ndani ya mvuke, miguu ya mkimbiaji ikachimba nyasi, na filimbi ikalia palepale ilipolia mwanzo.